Kikombe cha Chai Juu ya Mbao ya Mawimbi

Siku ile tulikuwepo hawa: Fundi Apolinari, mwenye karakana, Mwalimu Filbert wa kwaya, aliyekuja kuulizia kinanda chake, Mama Gaudensia, aliyeuza chai na maandazi mlangoni petu, baba mkubwa Siksti, kaka yake marehemu baba, aliyetoka Matai kwa lori la mahindi, wadogo zangu watatu, Deusi, Resta na Leokadia, na mimi Skolastika, ambaye wengi wenu mnaniita Mama Skola. Nawataja wote kwa sababu kila mmoja alikuwa na mkono wake katika yaliyotokea, na baadhi yao hawapo tena kujisemea.

Baba mkubwa alikuja kutugawa. Baada ya wazazi wetu wote wawili kufariki, ukoo ulikaa ukaamua: Deusi aende Matai kuchunga ng'ombe, Resta amsaidie mke wa baba mkubwa hukohuko, Leokadia ateremshwe Kipili ziwani kwa shangazi, na mimi nitafutiwe mume. Msidhani ilikuwa roho mbaya. Ndivyo ukoo unavyobeba yatima, kila mtu ananyanyua upande wake. Lakini mimi nilisema hapana, tutabaki wote kwenye nyumba yetu ya Chanji, hapa Sumbawanga, kwa kuwa nina kazi. Baba mkubwa akasema atakuja kuiona kazi hiyo kwa macho yake. Akaja bila kutuma habari.

Niwarudishe nyuma kidogo, ninyi vijana mnaopiga vanishi kwa kompresa, mjue nilifikaje kwenye biashara hii. Niliacha shule darasa la sita, mwaka mama alipomfuata baba. Sikuichukia shule. Asubuhi ina kazi nyingi kwa mtu mwenye wadogo watatu, basi. Nilikuwa naenda kwa Fundi Apolinari kuomba maranda ya kupikia, yale maganda membamba yanayomwagika kutoka kwenye randa. Yanawaka upesi na kuzima upesi, kwa hiyo ukipika maharage kwa maranda huondoki jikoni. Siku moja nilikuwa nimesimama nikisubiri, mkono wangu uko juu ya kiti kilichokuwa tayari kupakwa.

"Unapapasa nini hapo?" fundi akaniuliza.

"Hapa pana kidonda, Fundi."

Alipapasa na yeye, hakukiona. Akalowesha kidole, akapitisha palepale, na mkwaruzo wa randa ukajitokeza kama mshono. Akanitazama, kisha akanitupia kipande cha msasa. "Kitibu basi."

Hivyo ndivyo nilivyoanza, na ndivyo nitakavyowaanzishia ninyi. Msiamini jicho peke yake. Tumia mgongo wa vidole, maana ncha za vidole vya fundi zimekwisha kuwa ngumu. Lowesha mbao maji kidogo, iache ikauke, utaona vinyweleo vimesimama. Vinyweleo hivyo ukivipiga msasa sasa, havitasimama tena utakapopaka rangi. Ukivionea uvivu, rangi yako yenyewe itaviamsha, na hapo utakuwa umechelewa.

Fundi Apolinari alikuwa mtu mwembamba, mcheshi bila kucheka, na alipenda sana polishi, yale magamba ya rangi ya asali tuliyokuwa tunayayeyusha kwenye spiriti na kuyasugua kwa kitambaa cha pamba kilichochoka. Alisema kiti kisicho na polishi ni mtu aliyekuja Misa bila kunawa uso. Lakini naye alikuwa na makosa yake. Alizoea kutupa vitambaa vyenye mafuta ya kitani kwenye ndoo moja chini ya benchi. Siku moja tukiwa tunakula, ndoo ikaanza kufuka moshi yenyewe, bila kiberiti wala sigara. Fundi aliruka, akanyakua sufuria ya kwanza aliyoiona, akaimwagia. Ilikuwa sufuria ya uji wa ulezi ya Mama Gaudensia, uliokuwa bado haujauzwa hata kikombe. Moto ulizimika. Mama Gaudensia hakumsemesha mpaka Jumapili, na hata hiyo Jumapili alimpa amani ya Kristo kwa vidole viwili tu. Tangu siku hiyo vitambaa vya mafuta tulivianika nje kimoja kimoja, kama nguo za mtoto. Nanyi fanyeni hivyo. Mafuta ya kitani yakirundikwa hupata joto lake yenyewe.

Sasa nije kwenye mawimbi.

Mmeona mninga mwingine ukirandwa unang'aa kwa mistari ya kukatisha, kama maji ya bwawa yakipigwa na upepo. Wengi hudhani ni mchoro ulio juu ya mbao. Hapana. Mti huo ulikua ukijikunja, nyuzi zake zinapanda na kushuka. Randa inapopita, mahali pengine inakata nyuzi vichwa, mahali pengine inazilaza. Palipokatwa vichwa panakunywa rangi kama udongo wa Oktoba unavyokunywa mvua. Palipolala panakataa. Kazi ya mpakaji rangi ni kujua kuwanywesha hawa bila kuwalazimisha wale.

Kinanda cha parokia kilikuwa cha kizamani, cha kukanyaga kwa miguu ili kivute upepo. Mvua ilikuwa imeingia kanisani, vanishi ya ubao wake wa mbele ikababuka, na mwamini mmoja mwenye nia njema akaupaka ubao huo rangi ya mafuta ya kijani, ile ya milango ya maduka. Mwalimu Filbert aliuleta ubao akiwa ameufunika shuka, kama mgonjwa anayeonewa haya. Nilipewa mimi kuukwangua. Niliukwangua kwa vipande vya kioo kilichovunjika, taratibu, na chini ya kijani ikatokea mbao nyeupe ya rangi ya maziwa, ina mawimbi kutoka mwisho hadi mwisho.

"Ina makunyanzi," Mwalimu Filbert akasema kwa huzuni. "Imezeeka."

"Ndivyo ilivyozaliwa, Mwalimu," fundi akamwambia. "Mtazame mkeo alivyo na vishimo mashavuni. Ni uzee?"

Mwalimu alisema waliokileta kinanda waliiita mbao ile mepo, mti wa nchi za baridi. Hatukuwa tumewahi kuishika. Na mbavu za kinanda, ambazo hazikupakwa kijani, zilikuwa za mbao hiyohiyo, lakini kwa umri wake zilikuwa na rangi ya asali, na kila wimbi limekolea kama milia ya paka. Ubao wa mbele ulitakiwa ufanane nazo kabla ya Pasaka. Fundi akanikabidhi. Nilijua anachofanya. Alijua baba mkubwa atakuja wakati wowote, na alitaka anikute na kazi inayoonekana.

Karakana yetu ilikuwa na dawa yake ya kukoleza mbao. Misumari yenye kutu tuliiloweka kwenye pombe ya ulezi iliyochacha mpaka ikawa kali kama siki, tukachuja. Kwenye mninga, dawa hiyo inafanya giza ukiitazama. Kwa hiyo niliipaka kwenye mepo. Nikangoja. Ikawa kijivujivu tu, kama maji ya kuoshea vyombo. Nikadhani dawa imelegea, nikapaka tena. Hakuna kitu. Ubao ulilala juu ya vigoda viwili, mtupu, unakauka, na mimi nasimama mbele yake na brashi bila kujua la kufanya, pale baba mkubwa alipobisha hodi na wadogo zangu nyuma yake. Alikuwa amepita nyumbani kwanza kuwachukua. Resta alikuwa amebeba nguo zao kwenye kanga.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba. Ndiyo kazi yenyewe hii? Kufuta mbao?"

"Kaa kwanza, Mzee Siksti," fundi akasema. "Hata hukumu husomwa watu wamekaa."

Akakaa. Mama Gaudensia, ambaye hakuwa na haja ya kuambiwa mgeni ni nani, akamletea chai ya rangi kwenye kikombe cha bati, imejaa mpaka inamwagika. Baba mkubwa akanywa, akaeleza habari za ukoo, akanywa tena. Alieleza kwa upole, na hilo liliniumiza zaidi, maana mtu mpole humpati pa kumshikia. Kisha, ili anyooshe mikono aonyeshe Kipili ni upande gani, akaweka kikombe juu ya ubao wa kinanda.

Niliona. Fundi aliona. Mwalimu Filbert aliona, akafumba macho. Hakuna aliyesema. Kwetu mgeni, tena mzee, tena mwenye maisha yenu mkononi, haambiwi toa kikombe chako hapo. Tuliendelea kuitikia, ndiyo baba mkubwa, ndiyo mzee, na macho yetu yote yako kwenye kikombe.

Ni Leokadia aliyesema. Alikuwa mdogo, urefu wake unalingana na ubao.

"Baba mkubwa, kikombe chako kinaandika."

Baba mkubwa akakinyanyua. Chini yake palikuwa na duara jeusi, jeusi kama masizi, na matone ya chai yaliyomwagika nayo yanageuka meusi tukiyatazama.

"Mama yangu," Mwalimu Filbert akasema. "Kinanda cha kanisa."

Baba mkubwa alikuwa mwenyekiti wa kigango, kanisa lao dogo kule Matai. Alisimama na kikombe chake mkononi, hajui akiweke wapi tena katika dunia hii. "Nimefanya nini mimi? Hii ni chai tu."

Fundi Apolinari aliinama, pua yake karibu iguse mbao. Akachukua msasa mlaini, akaupitisha kidogo juu ya duara. Weusi ukatoka mahali pengine, mahali pengine ukabaki. Akaniita kwa kidole. Niliinama nikaona: lile duara lilikuwa limebaki kwa milia. Kila wimbi lilikuwa limeshika weusi wake, na kati ya wimbi na wimbi mbao ilikuwa imerudi nyeupe.

Leo naweza kuwaeleza. Dawa ya misumari haifanyi giza peke yake, inahitaji ule ukakasi ulio ndani ya mbao. Mninga unao wake. Mepo hauna, au unao kidogo sana. Chai ya rangi ina ukakasi mwingi. Baba mkubwa alikuwa ameiletea mbao kile ilichopungukiwa. Siku ile hatukujua hayo yote. Tulijua tu kwamba tumeonyeshwa mlango.

"Inatoka?" baba mkubwa akauliza.

"Inatoka," fundi akasema, "au inaenea. Anayeijua mbao hii ni huyu binti. Yeye ndiye aliyeikwangua."

"Huyu?"

"Huyu unayetaka kumtafutia mume. Mchukue, mzee, ni mtoto wenu. Mimi nitamwambia paroko kwamba alama hii ni ya Mzee Siksti wa Matai, na aliyeweza kuitoa yuko kwenye lori la mahindi."

"Apolinari, unanifunga kamba."

"Sijakufunga. Kikombe umeweka mwenyewe."

Mama Gaudensia aligeuka kutazama barabarani, mabega yanamcheza.

Baba mkubwa akakaa tena. Mwishowe akasema tutabaki mpaka Pasaka. Atakuja kusali Sumbawanga, aone ubao, na akiona kweli hii ni kazi ya kulisha watoto, atauambia ukoo uniache na wadogo zangu. Nilishaanza kupiga goti kushukuru aliponyoosha mkono.

"Lakini huyu mdogo nimekwisha kumwahidi shangazi yenu. Mtu hana mtoto, amekwisha kufagia na chumba. Siwezi kumpelekea maneno matupu."

"Basi tuchukue wote," nikasema. Sijui nilipata wapi ulimi ule mbele ya mzee. "Sigawi, baba mkubwa. Ama wote ama hakuna."

Uso wake ukafunga. Fundi akanikanyaga mguu. Nilimwona baba mkubwa anatazama kile kifurushi cha kanga mikononi mwa Resta, na nikajua neno langu moja zaidi litatupakia wote.

"Mimi nitakwenda," Leokadia akasema. "Kipili kuna samaki."

Watu wazima wakacheka kwa kupumua, kama mzigo umetuliwa. Baba mkubwa akampapasa kichwa, akamwita mtoto mwenye akili. Nami sikucheka, kwa sababu sisi wanne tulijua jambo wasilolijua: Leokadia alikuwa hali samaki. Dagaa wakikaangwa nyumbani alikuwa anatoka kukaa nje mpaka sufuria ioshwe. Deusi alifungua mdomo aseme, Leokadia akamtazama, akaufunga.

Leokadia aliondoka na baba mkubwa mchana uleule.

Mnataka kujua ubao. Nilichemsha chai ya rangi, nzito, nikaiosha mbao yote kwa chai hiyo juu ya dawa ya misumari. Ikawa nyeusi yote, mbaya, Mwalimu Filbert alipopita akajishika kichwa. Nikaiacha ikauke kabisa. Kisha nikapiga msasa, kwa kufuata urefu wa mbao, polepole, mpaka weusi ukabaki ndani ya mawimbi peke yake. Hapa ndipo vijana wengi mnaposhindwa. Mnaipenda mno rangi mliyokwisha kuipaka. Rangi ya kwanza kwenye mbao ya mawimbi hupakwa ili iondolewe. Baadaye nikapaka mafuta ya kitani kidogo sana ili iwe na joto, nikaiacha mpaka haikunishika kidole, ndipo nikaanza polishi: tabaka jembamba, pumzika, tabaka jembamba. Nilijaribu kila hatua nyuma ya ubao kwanza. Nyuma ya ubao ule hadi leo ni kama kitambaa cha viraka.

Na nilipiga polishi mchana tu. Mwaijua baridi yetu ya juu huku, na mwaijua masika. Ukipiga polishi asubuhi yenye ukungu, inavuta unyevu na kuwa nyeupe kama jicho la mtu mwenye mtoto wa jicho. Ikikutokea, usikwangue kwa hasira. Ngoja jua, pitisha kitambaa chenye spiriti kidogo sana, kama pumzi tu, ukungu utaondoka.

Siku ya Pasaka baba mkubwa alikuja. Baada ya Misa alikisogelea kinanda, akavaa miwani, akatafuta. Akapapasa kwa kidole chake kikubwa cha jembe.

"Iko wapi?"

"Imeenea, baba mkubwa. Iko ubao mzima."

Alitikisa kichwa kwa muda, akasema, "Haya. Kaa na hao wawili." Nilimuuliza kuhusu wa tatu. Akasema shangazi amemzoea, kumtoa sasa ni kumtoa roho mgonjwa. Ilikuwa kweli, shangazi alikuwa ameanza kuumwa miguu, na Leokadia ndiye aliyekuwa akimchotea maji. Basi akabaki kumchotea.

Kwa mikono hii Deusi alisoma hadi akawa mwalimu, na Resta ni muuguzi. Watu wakinisifu harusini au msibani husema, Skola amesomesha wadogo zake. Huwa natabasamu. Leokadia hakuvuka darasa la saba, maana wakati huo shangazi alikuwa hanyanyuki tena. Alimuuguza mpaka mwisho. Alikuja kwetu likizo chache, akizungumza Kiswahili cha ziwani, na kila alipokuja alilala ukingoni mwa kitanda kama mgeni anayeogopa kusumbua.

Juzijuzi nilipita kwenye karakana moja hapa Chanji. Kijana mmoja, fundi mzuri, akaniamkia vizuri kisha akanionyesha meza yenye mawimbi makali ajabu. Nikapitisha mgongo wa vidole. Ilikuwa karatasi iliyobandikwa juu ya ubao wa vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi.

"Mama, siku hizi mambo ya chai na misumari nani ana muda nayo? Mteja anataka kesho."

Sikumkemea. Mteja kweli anataka kesho. Nilimwambia avae kitu puani anapopuliza vanishi, maana kifua changu ndicho kilichonistaafisha kabla ya mikono. Na nikamwambia akipata mbao ya kweli ya mawimbi, hata kipande, asiuze kabla hajaniita. Akasema, "Poa, mama." Nangoja.

Nilipostaafu nilijitengenezea kazi moja ya mwisho. Nilitafuta mninga wenye mawimbi, Deusi akanisaidia kuupasua, nikaunda sanduku, nikalipiga polishi kwa mwendo wa zamani. Nililipeleka Kipili mwenyewe, nimelifunga mablanketi. Leokadia sasa ni bibi wa wajukuu. Alilizunguka, akalipapasa, akalikalia.

"Zuri, dada. Linateleza."

"Kadia, nikulipe nini?"

"Kwa lipi?"

"Unajua."

Alikuwa anakunja nguo za wajukuu zilizokauka. Akakunja shati moja, akalifungua, akalikunja tena.

"Hili sanduku ndiyo malipo?"

"Hapana. Hili ni sanduku tu."

"Vizuri. Maana ungesema ndiyo malipo ningekurudishia." Alicheka kidogo. "Wewe hupendi joto la huku. Mbu wa huku hupendi. Barabara inakuumiza kiuno. Ukimaliza kunilipa, utashuka Kipili kufanya nini?"

"Kukuona."

"Deusi na Resta hawanidai wala siwadai. Uliza wamekuja mara ngapi." Akaweka shati juu ya mengine, akayasawazisha kwa kiganja. "Acha nikudai, dada."

Asubuhi alinisindikiza kwenye gari, akampa dereva dumu la mawese aliweke chini ya kiti changu. Nilimwambia sina pa kulipeleka lote. Akasema nitajua mwenyewe, akafunga mlango wa gari kutoka nje. Kwa hiyo nilipandisha mlima kurudi Sumbawanga na deni langu lilelile, na dumu la mawese juu yake.